NANI HUMLIPIA MWUGUZI?
Historia fupi ya karo ya uuguzi katika Nyanza ya Kusini

Kila mwaka hesabu za Chama zisomwapo mkutanoni, pana fungu moja liletalo maneno mengi kuliko mafungu mengine yote, nalo ni fungu la misaada ya karo. Wengine husema ni kubwa mno, wengine husema ni dogo mno, na wako wasemao kwamba fedha hizo afadhali zingejenga nyumba ya kupangisha. Barua ziletwazo kwa ajili ya fungu hilo hutoka kwa vijana wa Migori na Homa Bay, na si haba kati yao walio na hamu ya kusomea uuguzi. Kwa sababu hiyo imeonekana yafaa, kabla ya mkutano kukata shauri, tukumbushane jinsi wauguzi wa nchi yetu walivyolipiwa tangu mwanzo hata leo. Asiyejua atokako hawezi kujua aendako.

MIKONO NDIYO ILIYOKUWA KARO

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1906, mmisionari A. A. Carscallen, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, walifika ng'ambo ya kusini ya Ghuba ya Winam, wakaanzisha misheni ya Waadventista wa Sabato katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu. Mwaka wa 1921 akaja daktari wao, G. A. S. Madgwick, na mwaka wa 1925 hospitali ya Kendu ikafunguliwa. Hospitali hiyo ingalipo hata leo, na baadaye ilikuja kuwa na chuo chake cha kufundishia wauguzi.

Katika zamani zile hapakuwa na mtu aliyeulizwa, "Je, karo unayo?" Hospitali za misheni zilihitaji mikono kuliko zilivyohitaji fedha. Kijana aliyejua kusoma na kuandika kidogo, aliyekuwa na tabia njema na barua ya mwalimu wake, alipokewa akafundishwa kazi kando ya kitanda cha mgonjwa. Hata hivyo si kweli kwamba alisoma bure. Alilipa kwa kufua bendeji, kwa kuteka maji, kwa kuchemsha vyombo, kwa kufagia wodi na kukesha na wagonjwa usiku kucha. Alichokula na mahali alipolala vilikuwa ndio ujira wake, na kazi yake ilikuwa ndiyo karo yake.

Walioitwa kwanza walikuwa wanaume, nao wakaitwa madresa. Wasichana walichelewa, wala si kwa kukosa akili. Baba wengi waliona kwamba binti aliyekwenda mbali na nyumbani kulala chini ya paa la wageni angeweza kupoteza ng'ombe wa mahari. Na kazi ya kuwaosha wanaume wasio wa jamaa yake ilionekana kuwa ni jambo la aibu. Kwa hiyo karo ya kwanza ya msichana haikuwa ya shilingi. Ilikuwa ni ruhusa ya baba, na wengi hawakuipata.

Waliopata ruhusa hiyo walikwenda mbali. Huko Uganda, katika mji wa Kampala, chuo cha kufundishia wakunga kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1921 katika hospitali ya Mengo, kwa bidii za Bibi Katharine Cook. Mfano unaojulikana sana ni wa Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka wa 1930, ng'ambo ya kaskazini ya ghuba ile ile inayotazamana na Kendu. Alisomea uuguzi Uganda tangu mwaka wa 1949 hata 1953, akaenda London kuongeza elimu yake ya ukunga, na mwaka wa 1958 akarudi kufanya kazi katika hospitali ya Maseno. Watu humkumbuka kwa hadithi zake na kwa kazi yake Bungeni. Lakini kabla ya kalamu alishika kipimajoto.

SERIKALI NA MKATABA WAKE

Mwaka wa 1949 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga. Tangu hapo kazi ya uuguzi ikawa na daftari lake, mitihani yake na cheo chake. Mwaka wa 1952 mafunzo ya wauguzi waliosajiliwa yakaanza Nairobi, katika hospitali iliyoitwa King George wa Sita, ambayo baada ya Uhuru ilipewa jina la Kenyatta.

Hapo mlipaji akabadilika. Serikali ilitaka watumishi wa hospitali zake, ikawa tayari kuwafundisha kwa gharama yake. Mwanafunzi alipata malazi, sare na posho ndogo. Naye kwa upande wake alifungwa na mkataba wa kuitumikia Serikali baada ya kuhitimu, mahali popote atakapopelekwa. Ulikuwa ni mkopo, ingawa haukuitwa hivyo, kwa maana ulilipwa kwa miaka ya utumishi badala ya fedha.

Tusilidharau jambo hili, maana limewafungulia njia wengi waliokuwa hawana njia nyingine. Tutazame habari za Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga katika Homa Bay. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge, na watoto waliotaka kusoma walikuwa wengi. Fedha za kuendelea na shule ya juu hazikupatikana. Mwaka wa 1948 kijana huyo akaingia katika mafunzo ya ukaguzi wa afya kwenye Jeanes School huko Kabete, kwa kuwa mafunzo hayo hayakumdai karo. Na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Yaliyofuata katika maisha yake yanajulikana na kila mtu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mtu yule mashuhuri aliingia katika kazi za umma kupitia mlango wa idara ya afya, na kwamba aliuchagua mlango huo kwa sababu haukuwa na bei.

Basi mwaka huo huo wa 1952, wauguzi walipokuwa wakianza kusajiliwa Nairobi, Serikali ilianzisha mfuko wa mikopo kwa Wakenya waliokwenda kusoma vyuo vikuu nje ya Afrika ya Mashariki. Tazama tofauti: mwana wa chuo kikuu alikopeshwa fedha, mwuguzi alikopesha mikono yake. Tofauti hiyo ilidumu kwa muda mrefu. Mwaka wa 1974 mpango mpya wa mikopo uliwekwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwuguzi hakutajwa, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hahitaji: Serikali yamlipia.

Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, Serikali ikasema kwamba haiwezi tena kubeba mzigo wote peke yake, na wagonjwa wakaanza kuchangia gharama za matibabu. Mwaka wa 1990 vyuo vya Serikali vya mafunzo ya utabibu na uuguzi vilikusanywa chini ya shirika moja, nalo likaitwa Kenya Medical Training College, ambalo leo lina matawi katika Homa Bay na Migori. Tangu miaka hiyo mzigo wa karo ukahamia begani mwa mzazi. Mlango uliokuwa hauna bei ukapata bei, na wengi wetu hatukung'amua mpaka barua za kuitwa chuoni zilipofika zikiwa na karatasi ya pili, yaani orodha ya malipo.

UKOO, MTAA NA MCHANGO

Mlipaji wa tatu ni sisi wenyewe. Desturi hii ni ya zamani kuliko vyuo. Wajaluo walikuwa na saga, kazi ya ujima ya kulimiana mashamba. Aliyesaidiwa leo alisaidia kesho, na hapakuwa na daftari ila kumbukumbu za watu. Vyama vya ustawi vilipoanza, vilijengwa juu ya msingi huo. Mwaka wa 1921 ilizaliwa Young Kavirondo Association, na mwaka wa 1923 ikageuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, kikiongozwa pamoja na Archdeacon W. E. Owen. Wako waliokicheka chama hicho kwa sababu kiliwahimiza wanachama kuchimba vyoo na kuua panya. Lakini mtu achimbaye choo ameanza kazi ya uuguzi kabla ya mwuguzi kufika.

Baadaye umoja wa watu wa nyumbani ukawafuata Wajaluo hata mijini, kuanzia Nairobi hadi Kampala, wakachanga kwa ajili ya mazishi, shule na safari za wanafunzi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa mpango uliosimamiwa na Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa huko. Na mwaka wa 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa kazi hiyo. Hapa pana jambo ambalo yatupasa kulizingatia sana. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wamekwisha pewa nafasi, tena wengine na msaada wa masomo, na vyuo vya Marekani. Kilichowazuia hakikuwa karo ya chuo bali nauli. Mlango ulikuwa wazi, ila hapakuwa na daraja la kuufikia.

Karibu miaka 40 baadaye jambo hilo hilo likaonekana katika Lwala, kijiji cha upande wa Rongo katika Migori. Kijana Milton Ochieng' alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha Dartmouth huko Marekani. Msaada wa masomo alikuwa nao. Nauli, dola 900 hivi, hakuwa nayo. Wanakijiji wakauza kuku, mbuzi na ng'ombe wao hata nauli ikatimia, wakampa na neno moja: asiwasahau. Ndugu yake Fred naye akafuata njia hiyo. Wazazi wao wote wawili walifariki kwa UKIMWI wakati vijana wangali masomoni. Mwaka wa 2007 vijana hao walifungua zahanati Lwala, mahali ambapo baba yao alikuwa ameanza kazi ya kuijenga, na kazi hiyo imeendelea kukua. Deni la kuku na mbuzi lililipwa kwa zahanati. Sijui benki iliyopata faida kubwa kuliko hiyo.

Wala haja ya wauguzi katika nchi yetu si ya kubuni. Utafiti wa Serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika watu wazima 100 wa Homa Bay, karibu 20 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na katika Migori karibu 13. Katika hospitali ya Homa Bay shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi mwaka wa 1996, na tangu mwaka wa 2001 likatoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, wakati dawa hizo zilipokuwa adimu katika hospitali za umma za Kenya. Dawa hizo hazijigawi zenyewe. Yuko mtu azihesabuye, amfuataye mgonjwa aliyeacha kuja, na kuzungumza na mama mjamzito kwa lugha anayoielewa. Mtu huyo mara nyingi ni mwuguzi.

MKOPO NA BASARI

Sasa twafika kwenye zamani zetu hizi. Mwaka wa 1995 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iitwayo HELB. Kwanza ilihusika na vyuo vikuu. Baadaye milango yake ikafunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada na vyeti. Mwaka wa 2013, kwa msaada wa Marekani, ulianzishwa mfuko uitwao Afya Elimu, uliosimamiwa na Bodi hiyo, kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya afya hasa. Hivyo mwuguzi akaingia katika daftari la mikopo, zaidi ya miaka 60 baada ya mwenziwe wa chuo kikuu.

Mkopo wa Bodi ni rahisi kuliko wa benki, kwani riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza baada ya masomo. Lakini wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Sheria huweka faini ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa aliyeacha kulipa. Na tukumbuke kwamba kuhitimu si kuajiriwa. Tangu mwaka wa 2013 wauguzi wengi huajiriwa na serikali za kaunti, na kaunti haziajiri kila anayehitimu. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma muda wa miezi mitano hivi kwa ajili ya makubaliano ya mishahara yao. Mkataba wa zamani ulimfunga mwuguzi, lakini ulimhakikishia kazi. Mkopo wa sasa haumfungi mahali, wala haumhakikishii kitu.

Pamoja na mikopo zipo basari. Tangu mwaka wa 2003 kila jimbo la uchaguzi limekuwa na mfuko wa maendeleo uliotoa misaada ya karo, na tangu 2013 kaunti nazo zikaanza kutoa zao. Misaada hiyo hairudishwi, na imewainua watoto wengi wa maskini. Ila si msingi usiotikisika: mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya mfuko wa majimbo haipatani na Katiba. Mzazi asiye na tegemeo jingine ila basari amejenga juu ya mchanga.

Nami nina jambo moja la kushuhudia. Katika mtaa wetu alikuwako msichana aliyeitwa kuanza masomo ya uuguzi mwezi wa Septemba. Mama yake alikuwa mwuza omena. Fomu ya basari ilijazwa, ikatiwa mihuri yote, ya chifu, ya shule na ya kanisa. Msaada ukakubaliwa. Lakini hundi ilitoka baada ya Krismasi, na chuo, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimekwisha mpa mwingine nafasi ile. Kiasi kilichohitajika siku ya kwanza hakikuwa karo ya mwaka. Kilikuwa ni malipo ya muhula mmoja, sare, godoro na nauli. Mimi nilikuwa katika kamati ya mchango. Tulikutana mara tatu, tukaahirisha mara tatu, kila mmoja akimngojea mwenye fedha zaidi. Hakuna aliyemkatalia msichana yule. Sote tulichelewa tu. Akakaa mwaka mzima ufuoni akianika omena, ndipo akaitwa tena. Leo ni mwuguzi. Sikumwuliza mwaka ule ulimgharimu nini, kwa kuwa naona haya.

MAFUNDISHO YA HISTORIA HII

Tukitazama nyuma twaona kwamba walipaji wamekuwa wanne: kwanza hospitali, kisha Serikali, kisha jamaa, na sasa mkopo na basari. Kila mlipaji alidai kitu. Hospitali ilidai jasho, Serikali ilidai miaka, jamaa ilidai ukumbusho, na mkopo wadai fedha na riba. Hapajawahi kuwa na mwuguzi aliyesoma bure, na hatuna haja ya kuwadanganya watoto wetu kwamba atakuwako.

Lakini liko fundisho la pili, nalo ndilo kubwa zaidi. Mara nyingi fedha nyingi zilipatikana, na fedha chache za mwanzo ndizo zilizokosekana. Wanafunzi wa 1959 walikosa nauli. Kijana wa Lwala alikosa nauli. Binti wa mwuza omena alikosa malipo ya muhula mmoja. Mkopo wa Bodi huombwa na aliyekwisha kupata chuo, nayo basari hufuata mwaka wa fedha wa Serikali uanzao Julai. Lakini mlango wa chuo hufunguka na kufungwa kwa tarehe yake, wala haumngoji mtu.

Kwa hiyo, Ndugu Wanachama, mkutano utakapolijadili fungu la karo, naomba yafikiriwe mambo haya. Chama chetu hakina uwezo wa kumlipia mtu miaka mitatu ya uuguzi, wala kisijifanye kinao. Kinaweza kulipa siku ya kwanza. Fedha hizo zitengwe mapema, ziwe tayari kabla ya barua za kuitwa kutoka, zilipwe chuoni moja kwa moja, na kamati isihitaji kukutana mara tatu. Wazazi wafundishwe kuomba mkopo na basari mara tu barua ifikapo, wala wasingoje kimoja kabla ya kingine. Naye aliyesaidiwa, akiisha kuajiriwa, arudishe kiasi kile kile bila riba ili kimvushe mwingine. Iwe ni saga yetu ya karatasi. Akienda kufanya kazi Uingereza au Arabuni, kama wengi wafanyavyo sasa, tusimlaumu. Dawa ya deni ni kulipa, na deni laweza kulipwa toka mahali popote.

Nyumba ya kupangisha ni jambo jema, nami sina neno nayo. Lakini kabla ya kupiga kura, kila mmoja wetu ajiulize ni nani aliyempokea mtoto wake alipozaliwa, na nani aliyemfumba macho baba yake. Kisha na aulize: mtu yule, siku ya kwanza alipofika mlangoni mwa chuo na sanduku lake, ni nani aliyemlipia?